Barua ya wazi kwa viongozi wa Kaunti ya Mombasa: Mgonjwa wa akili naye abishiwe hodi

Kwa Mheshimiwa Gavana, kwa Waziri wa Afya wa Kaunti, na kwa Waheshimiwa wawakilishi wa wadi zote 30 za Mombasa.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, naingia moja kwa moja kwenye haja yangu. Hapa kwetu Kisauni, mgonjwa wa kifua kikuu akikosa kufika zahanati siku yake ya dawa, hutafutwa. Jina lake limo kwenye rejista, simu yake inajulikana, na asipopokea, mmoja wetu hutumwa kwenda kubisha hodi kwao. Hatumgombezi. Tunamuuliza limemfika lipi: kasafiri, kakosa nauli, dawa zimemchafua tumbo, au kajiona amepona. Mwenye virusi vya ukimwi ni vivyo hivyo. Mtoto akipitwa na chanjo, mamake hufuatwa. Lakini mgonjwa wa akili akikosa sindano yake ya mwezi, hakuna anayebisha. Jina lake hukaa kitabuni mpaka siku atakaporudishwa amefungwa kamba.

Ninachokiomba ni hicho: naye afuatwe nyumbani, afuatwe na mtu aliyeisomea kazi hiyo, na pesa za kumfuata zitoke kwenye hazina ya kaunti, ziandikwe katika bajeti mahali zinapoonekana. Mengine yote nitakayoyasema yanazunguka hapo.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale wanaotembea nyumba kwa nyumba, kila mmoja wetu na nyumba zake takriban 100. Mwaka 2023 serikali ilitupa mikoba: kipimo cha presha, kipimo cha sukari, kipimo cha joto, mizani, na simu ya kuandikia tunayoyakuta. Mikoba ile imefanya kazi kubwa na ninashukuru. Watu wazima wengi wa mtaa wetu wamejua kuwa wana presha wakiwa wamekaa kwenye baraza za nyumba zao. Lakini mara nyingine naingia nyumba, nampima bibi presha, na chumba cha pili kuna mtu aliyejifungia. Hali na wenzake, haogi, usiku husikika akibishana na mtu asiyeonekana. Bibi huniuliza kwa sauti ya chini, "Na huyu je, mwanangu?" Mkobani sina cha kumpima, na sina nesi wa akili wa kumpigia simu nikamwambia aje kesho.

Nitawaeleza habari ya kijana mmoja, kwa idhini ya mamake, na jina nimelificha. Ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake. Alipoanza kuugua alianza kwa kukosa usingizi, kisha akawa anasikia watu wakimsema nyuma ya ukuta. Familia ikafanya ambayo familia nyingi za hapa hufanya: akasomewa, akanyweshwa kombe, akapelekwa kwa mganga. Siwalaumu, kwani ndiko kulikokuwa karibu na ndiko walikopokewa bila kuulizwa kadi. Hospitali ikaja mwisho. Akalazwa, na dawa zikamkubali. Alirudi nyumbani mtulivu, mwili umerudi, akashika kazi yake. Alianza hata kumfundisha mdogo wake kushika mashine.

Mamake alinionyesha daftari lake la kliniki. Ni daftari la shule, lile jembamba, kalivika karatasi ya nailoni lisiingie maji. Ndani, kwa miandiko ya watu mbalimbali, kuna tarehe, jina la sindano, saini, na tarehe ya kurudi imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Mwezi baada ya mwezi ni hivyo hivyo. Kisha unafika ukurasa ulioandikwa kwamba dawa haipo, akanunue nje. Mama huyu huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Mwezi ule alinunua. Mwezi uliofuata unga wa ngano ulikuwa umepanda, na kijana mwenyewe akasema yuko sawa. Tena sindano inamkaza shingo na kumtetemesha mikono, na fundi wa kuchomelea akitetemeka mikono atakula nini? Hakwenda. Kurasa zinazofuata ni nyeupe.

Kliniki ile siitaji. Nesi wa pale ni mmoja, foleni yake inafika nje ya mlango, na hakuna aliyempa simu, nauli wala saa ya kumtafuta asiyekuja. Usingizi wa kijana ukakatika tena na sauti zikarudi. Usiku mmoja akapanda juu ya paa la jirani na nyundo mkononi, akitafuta wanaomsema. Watu wakatoka na mawe wakidhani ni mwizi. Aliyemwokoa ni mwalimu wa madrasa aliyeitambua sauti yake. Akasimama katikati, mikono juu, akiwasihi kwa jina la Mungu wamwache ni mtoto wa fulani. Polisi wakaja. Kijana akalala kituoni, na asubuhi ndipo akapelekwa hospitali, damu imemgandia kwenye nyusi.

Pigeni hesabu, waheshimiwa. Kuna gari la polisi. Kuna siku alizolazwa, kitanda na chakula. Kuna mabati ya jirani. Kuna mteja aliyetanguliza pesa za geti ambalo halikwisha, na mdogo mtu aliyeacha kujifunza kazi. Kilichoyaleta yote hayo ni chupa moja ya sindano iliyokosekana, na ukosefu wa mtu wa kwenda kumuuliza mbona hukuja. Hata mikono kutetemeka kuna dawa yake. Ni jambo linalojulikana sana kwa dawa hizi za zamani, na tabibu hupunguza kipimo au huongeza tembe ya kuondoa mkazo. Yalikuwa mazungumzo ya dakika kumi mlangoni. Hayakufanyika, na mtu nusura auawe na majirani waliomlea.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu uharibifu mwingi ninaouona hautokei hospitalini. Hutokea baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Pale ndipo huduma ya umma humwachilia mkono, na pale ndipo nataka pesa za umma ziende.

Tazameni pia ramani ya mji wetu. Kwa miaka mingi mtu wa Pwani akiugua akili, safari imekuwa ni ya hospitali ya Port Reitz, na wafanyakazi wa wadi yake ya akili wamehudumia watu wa kaunti nyingi kuliko yao. Lakini wa Kisauni avuke daraja la Nyali, aingie mjini, apande gari nyingine avuke Makupa hadi Changamwe, kisha aendelee. Wa Likoni ashuke kwenye feri na umati wa asubuhi. Mtu ambaye hajalala usiku tatu, anayeamini kwamba kila amtazamaye anaitaka roho yake, mumpitishe katikati ya umma ule! Makanga hukataa kumpakia. Basi familia hukodi tuktuk au teksi, kwenda na kurudi, pamoja na wanaume wawili wa kumshika ambao siku hiyo hawaendi kibaruani. Safari ya kwanza majirani huchanga. Za baadaye hachangi mtu, na mgonjwa hubaki ndani. Wengine hufungwa. Nimeiona minyororo, waheshimiwa, kwenye nyumba za watu wanaoswali na kusali na wanaowapenda wagonjwa wao. Wanawafunga kwa sababu wanaogopa wataingia barabarani au watapigwa mawe.

Hili si jambo la hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Jedwali la Nne likaweka vituo vya afya vya kaunti mikononi mwenu. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti nzima juu ya kutelekezwa kwa huduma za akili nchini. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 Bunge likaifanyia marekebisho Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, na safari hii serikali za kaunti zikatajwa waziwazi: zitoe huduma hizi katika vituo vyao na katika jamii, zitenge pesa zake, na pawe na baraza la afya ya akili la kaunti. Hospitali ya akili ya Mathari, kule Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910, enzi za Mwingereza, na tangu hapo fikra ya matibabu ya akili katika nchi hii imekuwa ni kumwondoa mtu kwao na kumpeleka mbali. Naelewa kwamba mazoea ya zaidi ya miaka mia hayavunjwi na gazeti moja la serikali. Ndiyo maana yahitaji bajeti.

Na naomba msituanzie kwa jengo. Najua jengo huonekana, hufunguliwa mchana watu wakapiga picha, na mwakilishi wadi akapata cha kuonyesha uchaguzi ukifika. Lakini Mombasa ina zahanati na vituo vya afya kila upande: Mlaleo, Kongowea, Mrima, Jomvu, Mikindani, na kadhalika. Kuta tunazo. Kinachohitajika kwanza ni nesi aliyesomea maradhi ya akili katika kila moja ya kaunti ndogo zetu sita, ambaye kazi yake si kukaa wadini. Awe na siku zake za kuzungukia vituo, na siku zake za kwenda majumbani akiongozana na sisi wa mtaa, tunaojua mlango upi ugongwe na upi upitiwe nyuma. Awe na nauli yake ya kila wiki isiyotegemea huruma ya mtu. Mtu akiruhusiwa kutoka hospitali, aonwe nyumbani ndani ya wiki ya kwanza. Akikosa sindano, atafutwe kabla mwezi haujaisha. Na ikitokea dharura usiku, pawe na nambari ya simu inayopokewa na mtu wa afya, ili familia isilazimike kuchagua kati ya polisi na kamba.

Matabibu na manesi wa zahanati nao wanaweza mengi wakifunzwa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wake tangu 2008 wa kuwafunza wasio mabingwa kutambua na kutibu maradhi ya akili, kifafa na uraibu, na umeandaliwa hasa kwa nchi zenye madaktari wachache wa akili kama yetu. Bingwa aje mara kwa mara kuwapitia wagonjwa wagumu, na wale waliotulia wahudumiwe mtaani kwao. Mgonjwa wa presha hapandi magari mawili kila mwezi kwenda kuchukua tembe zake. Kwa nini wa akili apande?

Juu ya dawa nina jambo moja ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Dawa tunazozizungumzia si ngeni wala si za kifahari. Haloperidol, chlorpromazine, sindano ya fluphenazine, carbamazepine, amitriptyline: ni dawa za miongo mingi. Zinapokosekana tunaambiwa hazikuletwa. Lakini kituo huagizaje dawa ya kutosha ikiwa hakijui kina wagonjwa wangapi walio hai, wanaoishi eneo lake, wanaotakiwa kudungwa mwezi ujao? Asiyekuja hahesabiwi. Asipohesabiwa, haagiziwi. Siku akiamua kurudi, dawa haipo, na anaondoka akiamini kwamba alifanya vyema kutokuja. Rejista inayofuatiliwa nyumbani ndiyo itakayofanya maagizo ya kaunti yalingane na watu waliopo. Kwa hiyo anayesema tungoje dawa zitoshe kwanza, kisha ndipo tufikirie kutembelea watu, ameanza kinyume.

Tena kuna faida ya pesa. Chini ya utaratibu wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) uliochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, huduma za zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi na mgonjwa hatakiwi kutoa pesa mfukoni. Hospitali kubwa zina mfuko mwingine, na humo aliyelipa mchango wake ndiye anayehudumiwa. Mgonjwa wa akili ambaye hana kazi, na mamake muuza mahamri, atalipa mchango wa mwaka kwa kipi? Mkiishusha huduma yake hadi zahanati, mmemwondolea mzigo huo.

Nije kwenye suala la maalim na waganga, maana haiwezekani kuzungumzia akili hapa Pwani mkawapita. Watu wataendelea kwenda kusomewa, na hakuna ubaya. Mwenye kuamini hupata utulivu, na utulivu ni sehemu ya dawa. Ubaya huja pale anapoambiwa aache tembe ili dua ifanye kazi. Kule Makueni watafiti wa Kenya waliwahi kuwakutanisha waganga, viongozi wa dini na wahudumu wa afya, wakawafunza dalili za kuangalia na namna ya kupeana wagonjwa. Hapa kwetu hilo ni rahisi zaidi, kwa kuwa misikiti na makanisa yetu yako karibu na zahanati, na imamu mwenyewe ana nduguye au mpwawe anayeugua. Chukueni mfano wa Ramadhani. Kila mwaka kuna wagonjwa wanaoacha dawa mwezi ule kwa sababu tembe ni za asubuhi na mchana, na hawataki kula mchana. Ikifika Idi wengine wameshaharibikiwa. Nesi akiwatembelea Shaabani, akakaa na familia, akapanga upya zipi ziliwe futari na zipi daku, na yupi hali yake haimruhusu kufunga, akamwomba na imamu alitaje jambo hilo kwenye hotuba ya Ijumaa, tungeepusha mengi. Halihitaji mtambo wowote.

Kuna watakaosema Mombasa haiwezi kuendesha huduma ya namna hii, ya kila siku, ya uvumilivu, kwa watu ambao jamii imewachoka. Nawajibu kwa kliniki ya hapa hapa Kisauni ya methadone, dawa wanayopewa waraibu wa heroini. Mateja waliokuwa wakidungana unga chini ya miti, waliokwisha kuliliwa na familia zao kama maiti, huja asubuhi wakanywa dawa mbele ya nesi, kisha wakaenda zao kutafuta riziki. Sijui kama wote tunaelewa hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Tumeweza kuwahudumia watu hao bila kuwafungia. Wengi ninaowajua miongoni mwao wana maradhi ya akili pamoja na uraibu, na kwa hayo maradhi ya akili huambiwa waende kwingine. Mtu mwenye matatizo mawili hapewi miguu minne.

Mheshimiwa Gavana, Mei 2024 ulipiga marufuku muguka, majani yanayotafunwa kama miraa, kuingia Mombasa, na suala hilo likaishia mahakamani ambako amri ilisimamishwa. Sitaki kuifungua kesi ile hapa. Ninakumbuka tu kwamba hoja yako ilikuwa afya ya vijana wetu. Vijana wale bado wako maskani. Wapo walioanza kutafuna ili wasisikie njaa ya kukosa kazi, na wapo walioanza kuugua kwanza, wakatafuta cha kuwanyamazishia kichwa. Uchungu uliokufanya utie saini amri ile, utie tena kwenye bajeti ya nesi atakayekaa nao pale maskani akawasikiliza. Kwa hili sidhani kama kuna mfanyabiashara atakayekwenda mahakamani kulipinga.

Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Kabla ya hapo, familia iliyomuokoa mtu wake ilimficha. Walisema ameanguka, au amekunywa dawa ya panya kwa makosa, kwa kuogopa askari. Sasa wanaweza kusema kweli. Na mtu akishasema kweli anahitaji pa kupelekwa kesho yake na wiki ijayo, maana siku zinazofuata ndizo za hatari. Mlango wa sheria umefunguliwa. Upande wa pili wa mlango lazima pawe na mtu. Naomba pia mama aliyejifungua asiachwe nyuma. Kwenye kliniki ya watoto tunapima kilo za mtoto na kuandika chanjo, na mama analia kimya akisema hana hisia na mtoto wake. Swali moja la "wewe mwenyewe waendeleaje?" likiulizwa kila kliniki, na nesi wa kumpokea akiwapo, ni kinga kwa watu wawili.

Kwa huzuni za namna hii, zisizohitaji kulazwa wala sindano, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kupangua matatizo yao moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliopata mazungumzo yale walipungukiwa na dalili kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi lile limeshafika Zanzibar, wanaozungumza kama sisi na kukaa barazani kama sisi. Mombasa ina mabibi na ina baraza. Wafunzwe, wasimamiwe na nesi, na walipwe. Nasisitiza kulipwa, kwa sababu tumezoea kuona kazi ya kusikiliza, ikifanywa na wanawake, ni ya thawabu tu.

Na pesa ziwe za kwetu. Mapema mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, tuliona kwa macho yetu wahudumu wa ukimwi na kifua kikuu wakirudishwa nyumbani, na watu wakihangaika kujua wachukue wapi dawa. Huduma ya akili haijawahi kupendwa na wafadhili kwa kiasi hicho, kwa hiyo tusiijenge juu ya mchanga wao. Mfadhili akija, karibu, aongeze. Lakini mshahara wa nesi, nauli yake na chupa za sindano ziwe kwenye kasma ya kaunti.

Neno juu ya wanaowauguza. Katika nyumba ninazoingia karibu wote ni wanawake: mama, dada, mke, wakati mwingine binti wa shule. Hawalali. Wanaficha visu, wanahesabu tembe, wanasingiziwa na mgonjwa kwamba wanamtilia sumu, na wakitoka nje wanasikia watoto wakiimba nyuma yao. Nesi akifika nyumbani, huyo naye ni mgonjwa wake wa pili.

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kati ya hapo sheria inataka wananchi tusikilizwe. Naomba vikao hivyo visiwe vya mjini peke yake. Vifanyike pia Kisauni na Likoni, saa ambazo muuza mahamri ameshamaliza biashara yake, na wagonjwa waliotulia wapewe nafasi ya kusema wenyewe badala ya kusemewa na watu kama mimi. Rasimu ikitoka nitaisoma. Nitatafuta ndani yake fungu la afya ya akili limesimama peke yake, halikufichwa ndani ya "huduma nyinginezo"; nitatafuta manesi sita na nauli zao; nitatafuta sindano zilizoagizwa kwa idadi ya watu. Nisipoyaona, nitasimama kikaoni niulize, na nimeshazungumza na akina mama kadhaa ambao watasimama pamoja nami, wakiwa na madaftari yao mkononi.

Wenu katika utumishi,

Mhudumu wa afya ya jamii,
Kisauni, Mombasa